Indiana ya 2024: Mfumo Uliohamishwa Mzima

Msimu wa 2023 wa futiboli ya Kimarekani, Chuo Kikuu cha Indiana kilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Msimu uliofuata, chini ya kocha mpya Curt Cignetti, kikashinda 11, kikapoteza 2 na kuingia katika mchujo wa timu 12 wa kuwania ubingwa wa taifa. Chuo hicho kimecheza mchezo huu tangu karne ya 19, na kabla ya hapo hakikuwahi kuvuka ushindi wa mechi 9 kwa msimu, idadi kiliyoifikia mwaka 1945 na tena 1967. Maelezo yaliyozoeleka ni mawili: kwamba sheria mpya za uhamisho zinamwezesha kocha yeyote kubadili kikosi kwa miezi michache, na kwamba ratiba ilikuwa laini. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayagusi kiini. Cignetti alihama na mfumo uliokwisha kukomaa pamoja na watu wanaoujua, na kwa hiyo hakuupoteza msimu wa kwanza akifundisha alfabeti.

Tazama alichobeba kutoka James Madison, chuo cha Virginia alikokuwa akifundisha. Mike Shanahan, msimamizi wa ushambuliaji, na Bryant Haines, msimamizi wa ulinzi, walihama naye kwenda kushika majukumu yaleyale. Wachezaji 13 wakawafuata. Idadi hiyo ina uzito mdogo kuliko mahali walipopangwa. Katika futiboli ya Kimarekani mpira huanzishwa ukiwa umetulia kila mara. Walinzi wana sekunde chache za kusoma mpangilio wa wapinzani na kujipanga upya, na mmoja akikosea sehemu yake, pengo analoacha linaweza kugharimu pointi 7. Anayetoa amri katika sekunde hizo ni mlinzi wa kati wa safu ya pili. Kwa Indiana alikuwa Aiden Fisher, aliyekwisha kucheza chini ya Haines. Mbele yake walikuwapo James Carpenter katikati na Mikail Kamara pembeni. Nyuma yake D'Angelo Ponds akiwakaba wapokeaji wa pembeni. Wote walitoka James Madison, kwa hiyo kila safu ya ulinzi ilikuwa na mtu anayeweza kumsahihisha jirani yake bila kungoja kocha aliye nje ya mstari. Ndiyo maana ulinzi ule uliruhusu wastani wa pointi 15.6 tu kwa mechi.

Kwotabeki, Kurtis Rourke, hakutoka James Madison bali Chuo Kikuu cha Ohio. Hapa Cignetti alifuata kigezo chake kingine, cha kumchukua aliyekwisha kufanya kazi uwanjani badala ya kijana ambaye kipaji chake bado kinasubiriwa. Rourke alikuwa amecheza futiboli ya vyuo kwa miaka mingi, na mfumo wa Shanahan unamtaka mtu wa namna hiyo. Kwotabeki humwekea mkimbiaji mpira tumboni huku macho yake yakiwa kwa mlinzi mmoja. Mlinzi akisogea mbele kuzuia mbio, mpira unachomolewa na kurushwa nyuma yake. Akibaki, mkimbiaji anaondoka nao. Mlinzi huyo amekosea vyovyote atakavyochagua, mradi kwotabeki asichelewe kuamua. Rourke alirusha pasi 29 za tachidauni na kunaswa 5 tu, na mpokeaji aliyeongoza kwa yadi, Elijah Sarratt, alikuwa mwingine wa James Madison. Hata hivyo, ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa siku ambazo Rourke hakuwapo. Alipoumia kidole gumba dhidi ya Nebraska, kwotabeki wa akiba Tayven Jackson aliingia, Indiana ikashinda 56-7, na katika mechi iliyofuata Jackson akaanza na Indiana ikaifunga Washington 31-17. Timu inayomtegemea mtu mmoja ingeyumba pale.

Anayesema kocha yeyote angeweza kufanya hivyo na aikumbuke Colorado ya 2023. Kocha wake, Deion Sanders, alibadili kikosi karibu chote, akaja na mwanawe Shedeur na Travis Hunter kutoka Jackson State, vipaji visivyo na shaka, akashinda mechi 3 za kwanza kisha akamaliza na ushindi 4 na vipigo 8. Safu yake ya mbele haikuweza kumlinda kwotabeki, aliyeangushwa na mpira mkononi zaidi ya mara 50. Sheria za uhamisho zilikuwa wazi kwa wote wawili.

Hoja ya ratiba ni nzito zaidi. Michigan, bingwa mtetezi wa taifa aliyefungwa na Indiana 20-15, alikuwa amempoteza kocha na nyota wake wengi. Lakini linganisha wapinzani walewale: mwaka 2023 Maryland iliifunga Indiana 44-17, Michigan State 24-21, Purdue 35-31. Mwaka 2024 Indiana ilizifunga timu hizo hizo 42-28, 47-10 na 66-0. Ratiba laini haielezi tofauti ya namna hiyo. Ninachokubali ni kwamba mbinu hii ilikuwa na mpaka, nao ulionekana mbele ya Ohio State na Notre Dame, zilizoshinda 38-15 na 27-17. Dhidi ya Ohio State, Indiana ilipata yadi 151 tu na Rourke akaangushwa mara 5. Dhidi ya Notre Dame ilikuwa nyuma 27-3 hadi dakika za mwisho. Kuujua mfumo humpa mchezaji nusu sekunde ya kuwahi. Hakuwapi wanaume wa safu ya mbele ya ushambuliaji uzito na nguvu za kusukumana na watu wa Ohio State, na nusu sekunde hiyo inapotea kwotabeki akishafikiwa.

Cignetti aliliona hilo. Msimu ulipokwisha alimchukua Pat Coogan, mchezaji wa katikati ya safu ya mbele, kutoka Notre Dame yenyewe, na Zen Michalski, naye wa safu hiyo, kutoka Ohio State. Tarehe 6 Desemba 2025, katika fainali ya ligi ya Big Ten, Indiana iliifunga Ohio State 13-10.