Tumba, Stipuli na Mche: Jinsi Jenasi za Mikunde ya Kongo Zilivyobainishwa

Msafiri atokaye Kasongo akashika njia ya mashariki kuelekea Kabambare, akivuka vijito vinavyoipelekea maji Luama na hatimaye Lualaba, huiona nchi ikibadilika hatua kwa hatua, msitu mkubwa wa kaskazini ukipungua hata ukasalia kandokando ya mito, na mbuga za nyasi na miti zikitwaa mahali pake. Na katika pande zote mbili hukutana na miti ya jamii ya mikunde, ambayo kwa jicho la haraka hufanana kiasi cha kumtatiza hata aliyezaliwa miongoni mwao. Kuitenga miti hiyo jenasi kwa jenasi ni elimu yenye kanuni zake, na kazi moja iliyofanywa juu ya mimea ya Kongo katikati ya karne iliyopita inatufunza kanuni hizo kwa uwazi wa kupendeza.

Wataalamu wa awali walipopokea matawi makavu kutoka Afrika, waliona ua lenye petali moja kubwa na stameni tatu zenye kuzaa chavua, na kwa kuwa mikunde ya Amerika iliyoitwa Macrolobium ilikuwa na sifa hizohizo, waliiingiza miti ya Afrika katika jenasi hiyo bila ya shaka. Miongoni mwake ulikuwamo mbau, mti unaotawala peke yake maeneo makubwa ya msitu wa Kongo, ambao mtaalamu wa mimea De Wildeman aliupa jina la Alfred Dewèvre, mkusanyaji wa mimea aliyefika Kongo mwaka 1895 akafia hukohuko mwaka 1897. Mwaka 1952, wakati juzuu za kitabu kikubwa cha mimea ya Kongo zilipokuwa zikiandaliwa na taasisi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa na kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi, mtaalamu Mbelgiji Jean Léonard alitenga sehemu kubwa ya miti hiyo ya Afrika na kuiundia jenasi mpya, Gilbertiodendron, kwa heshima ya mwenzake Georges Gilbert. Na mingine akaipeleka katika Anthonotha, jenasi iliyokwisha kuelezwa tangu mwaka 1806.

Hoja yake ilianzia ndani ya tumba. Tumba la miti hii hufunikwa na vigamba viwili vinene, viitwavyo brakteoli, vilivyokutana ukingo kwa ukingo mfano wa makoa ya chaza. Na maadamu vigamba hivyo vimeshika kazi ya ulinzi, sepali zilizomo ndani aghalabu ni ndogo na dhaifu, na petali nazo hupungua kwa kadiri mbalimbali. Hapo ndipo tafauti ilipojificha. Atakayelifungua ua la Macrolobium ya Amerika atakuta petali moja peke yake. Ilhali atakayelifungua la Gilbertiodendron, akitumia ncha ya sindano na kioo cha kukuzia, atakuta petali moja kubwa iliyogawanyika juu, na chini yake petali nne ndogo ambazo mtazamaji asiye na subira huzidhania kuwa si kitu.

Lakini Léonard hakuridhika na shahidi mmoja, na katika jambo hili ndimo ilimo fadhila ya kazi yake. Alitazama mguu wa jani, mahali zinapochipua stipuli, yaani vijipande viwili vya pembeni mwa kikonyo, akaona kuwa za Gilbertiodendron ni pana kama majani na zina masikio mviringo, ilhali za Anthonotha ni ndogo na huanguka mapema. Akatazama upande wa chini wa vijani, yaani majani madogo yaliyopangwa jozi jozi juu ya kikonyo kimoja, ambao katika Anthonotha mara nyingi una malaika laini yenye kung'aa. Akatazama ganda la tunda, ambalo katika mbau lina matuta yanayokwenda kwa urefu wake. Kisha katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya jenasi za Kiafrika za kundi hili aliingia katika hoja ambayo wengi walikuwa wameipuuza, nayo ni umbo la mche: je, mbegu hubaki ardhini au huinuliwa na shina changa? Je, majani ya kwanza hutoka mawili yakikabiliana, au moja baada ya jingine? Ua, jani, tunda na mche viliposhuhudia jambo lilelile, jenasi ilisimama.

Uzito wa kanuni hiyo unadhihirika pia pale ambapo ushahidi ulikuwa mwembamba. Léonard mwenyewe aliitenga Pellegriniodendron mwaka 1955, mti ambao alama yake iliyo dhahiri zaidi ni jani lenye jozi moja tu ya vijani. Na katika karne hii, uchunguzi wa chembe za urithi ulipoungana na uchunguzi wa maumbile, mti huo ulirudishwa ndani ya Gilbertiodendron. Jenasi yenyewe ya mwaka 1952 imedumu.

Mwenyeji wa mpakani mwa msitu na mbuga anaweza kuitumia njia hiyohiyo katika miti ya miombo, ambayo kusini mwa Maniema, kuelekea Katanga, humfikia kwa sura za kukaribiana. Brachystegia haina petali, au inazo zilizodhoofika zikawa kama magamba, na stameni zake ni kumi au zaidi. Isoberlinia ina petali tano zinazokaribia kulingana, na vijani vikubwa vya jozi chache. Berlinia ina petali moja nyeupe, kubwa, inayoonekana kwa mbali. Msimu wa maua ukiwa umepita, jani husaidia: katika Brachystegia spiciformis jozi ya mwisho, iliyo nchani, aghalabu ndiyo kubwa kuliko zote, na katika Julbernardia globiflora ukubwa huo umo katika jozi za katikati. Hata hivyo alama hii ya jani ni ya kuanzia uchunguzi tu, wala si ya kutolea hukumu.

Kwa hiyo mwalimu wa Kasongo au Kabambare atakaye kuwaongoza wanafunzi wake katika elimu hii asiridhike na tawi lenye majani peke yake, ambalo ndilo rahisi kulikata. Na wachukue tumba kabla halijafunguka, na ua lililofunguka. Wachukue chipukizi changa ambalo stipuli zake hazijaanguka. Waokote ganda la tunda chini ya mti. Na kisha wainame wang'oe mche mmoja uliomea kivulini mwa mama yake, pamoja na mizizi yake, waukaushe ndani ya karatasi ileile na kuandika mahali na tarehe. Sampuli iliyokusanywa hivyo itamfaa mtaalamu wa Yangambi na wa popote pengine, kwa kuwa imebeba mashahidi wote ambao jenasi haiwezi kuthibitishwa bila wao.