Kabati la Chuma la Karakana: Pima Umbo Kabla ya Rangi

Kabati kuukuu la karakana likifika mnadani huwa na sura ya kukatisha tamaa: rangi imebanduka, grisi imeganda, droo moja haifunguki na funguo hazijulikani zilipo. Wanunuzi wengi hulipita na kwenda kwenye kabati lililopakwa rangi juzi. Hapo ndipo fedha hupotea. Rangi hununuliwa dukani na kutu ya juujuu huondolewa kwa jasho, lakini umbo lililopotoka na mkunjo uliochanika hugharimu kuliko kabati lenyewe. Anayetaka kabati la kumfaa miaka ijayo na ajifunze kusoma chuma kilicho chini ya rangi.

Makabati ya aina hii yalitumika katika karakana za reli na bandari, gereji za serikali, mashamba ya mkonge na shule za ufundi. Leo unaweza kuyakuta kwenye minada au kwa wauza vyuma chakavu, kama wale wa Gerezani jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi. Ukienda, chukua futi, pima maji, sumaku, bisibisi bapa na tochi.

Umbo

Anza na sakafu. Kabati refu likikaa penye sakafu isiyo sawa, mwili wake hujipinda kidogo na milango haikutani. Makabati mengi mazima huhukumiwa kwa kosa la sakafu. Weka pima maji juu yake, chomeka vipande vya bati chini ya miguu mpaka likae sawa, ndipo ufungue milango.

Kisha pima uso wa kabati kwa mshazari: kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu upande wa pili. Vipimo viwili vikilingana, kabati lina pembe mraba. Tofauti ya milimita mbili au tatu si neno. Ikipita sentimita moja wakati sakafu iko sawa, kabati limeanguka au limewahi kuburutwa likiwa limejaa. Liache, hata kama bei inavutia.

Bati na mikunjo

Unene wa bati hutajwa kwa geji, na geji hushuka kadiri bati linavyonenepa. Geji 18 ina takriban milimita 1.2, geji 20 milimita 0.9, geji 22 milimita 0.7. Kwa vifaa vizito kama jiliwa, spana kubwa na vipuri vya injini, mwili wa geji 20 au 18 ndio wa kutafuta. Kabati la ofisini lililotengenezwa kwa ajili ya mafaili huwa jepesi zaidi, na ukilijaza vyuma rafu zake hulegea katikati.

Hata hivyo, unene si kila kitu. Nguvu ya bati imo katika mikunjo. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mlango na wa rafu. Kiwanda makini hukunja ukingo mara mbili au tatu, mpaka ncha kali ijifiche ndani na kuunda kama boriti nyembamba. Mlango wenye mkunjo mmoja tu hutetemeka ukifungwa. Wenye mkunjo wa kurudi hufunga kwa mlio mmoja mzito.

Tazama pia viungo. Viwanda viliunganisha bati kwa nukta za umeme: mabati mawili hubanwa kati ya vichwa viwili vya shaba, umeme ukapita, chuma kikayeyuka mahali pale pale. Njia hii ya kuchomelea ilitokana na kazi za Elihu Thomson nchini Marekani katika miaka ya 1880. Alama zake ni vibonyeo vidogo vya mviringo vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Ukiona uvimbe wa kuchomelea kwa vijiti na mikwaruzo ya jiwe la kusagia, hapo pamefanyiwa marekebisho. Marekebisho si dhambi, ila muulize muuzaji palivunjika nini.

Droo

Droo ndizo zinazotenga kabati zuri na la kawaida. Usizijaribu tupu. Weka uzito ndani, uivute droo theluthi mbili, kisha uirudishe kwa kuisukuma upande mmoja tu wa uso wake. Droo nzuri hurudi bila kukwama. Kagua kizuizi cha nyuma kinachoizuia isianguke miguuni, na reli zake. Reli za kusuguana chuma kwa chuma hudumu sana zikiwa safi. Za gololi hubeba zaidi, lakini gololi ikipotea kuipata ya kipimo chake ni kazi.

Kuujua umri wake

Futi husema mengi. Kabati la kimo cha milimita 1829, upana 914 na kina 457 lilichorwa kwa inchi: 72 kwa 36 kwa 18. Lenye 1800 kwa 900 kwa 450 ni la mfumo wa metriki. Viwanda vya Uingereza vilianza kuhamia metriki mwaka 1965, kwa hiyo kabati la Kiingereza lenye vipimo kamili vya milimita kwa kawaida ni la baada ya hapo.

Skrubu nazo hutoa ushahidi. Kichwa chenye mfereji mmoja kimetumika zama zote, lakini kichwa cha msalaba kilisajiliwa na Henry F. Phillips mwaka 1936. Kikiwa cha asili, kabati haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Jaribu pia hesi. Bolti ya robo inchi ina unene wa milimita 6.35 na kwa kawaida hesi 20 kwa kila inchi. Nati ya M6 haitaiingia. Usiilazimishe, utaharibu zote mbili.

Ushahidi mtamu zaidi kwetu ni alama za mwenye mali. Herufi KUR huelekeza kwenye reli ya Kenya na Uganda kabla ya 1948. EAR&H ni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kugawanywa 1969, reli upande wake na bandari upande wake. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kila nchi ikaweka alama zake. Mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana kwenye ncha ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, hasa jeshi. Tafuta alama hizi ndani ya mlango, nyuma, na chini ya droo. Alama iliyogongwa kwenye chuma ina uzito kuliko iliyoandikwa kwa rangi, kwa kuwa rangi yeyote aweza kuipaka.

Kutu ya kusamehe na ya kukataa

Kutu ya vumbi jekundu inasameheka. Yenye vishimo vidogo huvumilika. Inayotisha ni iliyojificha kati ya mabati mawili: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo hufura na kusukuma mshono utengane. Makabati ya Mombasa, Tanga na miji mingine ya pwani yakaguliwe hapa kwa makini, kwa sababu ya chumvi ya hewani.

Lala chini uangalie kitako, mahali maji ya kupigia deki yalipokuwa yakituama. Kandamiza kwa bisibisi. Bati zima hukataa, bovu hutoboka. Kisha pitisha sumaku ubavuni. Inapolegea ghafla, kuna fila iliyofunika tundu.

Kulirudisha kazini

Piga picha kabla ya kufungua chochote, na uzipe droo namba. Kila droo imelika kulingana na reli yake, ukizibadilisha nafasi zitakwama.

Osha kwanza, kwa mafuta ya taa penye grisi na maji ya sabuni kwingine. Mara nyingi chini ya uchafu kuna rangi ya kiwandani iliyo hai. Kama theluthi mbili zake zimebaki, usipake upya. Safisha, tibu sehemu zenye kutu, paka nta, basi.

Ukilazimika kuondoa rangi, kumbuka kuwa rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Marekani iliipiga marufuku katika rangi za majumbani mwaka 1978, na hata baada ya hapo rangi za viwandani ziliendelea kuwa nayo kwa muda mrefu. Piga msasa wa maji, usipige mkavu. Usichome rangi kwa moto. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi la sumu, na watoto wakae mbali.

Vipande vidogo kama bawaba na vishikio vya chuma hutakaswa vizuri kwa umeme na magadi. Yeyusha magadi ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji, ning'iniza kipande upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na chuma chakavu upande chanya, visigusane. Fanya kazi nje, maana hutoka hewa ya hidrojeni inayoshika moto. Chuma chakavu kisiwe cha pua, kwani hutoa sumu ya kromu, na usitumbukize shaba, alumini wala kilichopakwa zinki.

Bati likishakuwa jeupe, paka praima siku ileile, kwa kuwa unyevu hurudisha kutu ndani ya saa chache. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene. Rangi ya asili utaipata chini ya bawaba; ifuate. Reli za kusuguana zipake mshumaa, kwa sababu mafuta hukamata vumbi. Kitasa kitie unga wa penseli, na usikivunje kabla hujasoma namba iliyo usoni mwake, ambayo fundi funguo huweza kuitumia kuchonga ufunguo. Alama za mwenye mali usizifute kamwe: ndizo hati ya kabati.

Ukisimama mbele ya muuzaji, basi, kumbuka mambo matatu: pima mishazari, vuta droo iliyojaa, kandamiza kitako kwa bisibisi. Kabati likifaulu yote matatu, linunue hata kama sura yake inachukiza. Likishindwa hata moja, mwachie anayenunua rangi.