Tetemeko kwa Ratiba: Kuisoma Fani ya Palace of the Lost City

Mgeni anayelifikia kasri la Palace of the Lost City, huko Sun City nchini Afrika Kusini, kwa miguu badala ya gari ndiye anayeisoma kazi hii tangu mwanzo wake. Hupita juu ya daraja liitwalo Bridge of Time, lililopangwa tembo wa kuchongwa pande zote mbili. Kila baada ya muda ngurumo husikika, moshi hufuka miambani, na sakafu hutetemeka chini ya nyayo za mtu ambaye punde tu alikuwa mbele ya mashine ya kamari. Kisa kinachoigizwa ni cha watu waliohama kutoka kaskazini, wakajenga mji wa fahari bondeni, kisha tetemeko likauangamiza. Msuko huu una ujasiri wake: janga, ambalo katika masimulizi ya kawaida hutokea mara moja na kuubadili ulimwengu, hapa limegeuzwa kibwagizo.

Kasri lilifunguliwa Desemba 1992, likiwa na vyumba 338, na magofu yanayolizunguka yana umri uleule. Ufa ulichorwa na msanifu kabla ukuta haujasimama. Uchakavu ni sehemu ya ramani. Mbinu hii naiita ukale-buni, na siitumii istilahi hiyo kwa dharau, kwa kuwa kuzeesha zege hadi lisadikike ni kazi ya mkono uliobobea. Kejeli inatoka nje ya ua: vilima vya Pilanesberg, vinavyoonekana hapo jirani, ni mabaki ya volkano iliyozimika, yenye umri unaozidi miaka bilioni moja. Ukale halisi umekaa kimya ili ukale-buni upate kunguruma.

Msomaji wa pwani ya Waswahili hawezi kuyatazama magofu haya bila kuikumbuka Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri la karne ya 14 lenye bwawa la pembe nane na vyumba zaidi ya 100, ambalo halikukamilika kujengwa na liliachwa mapema. Tofauti iliyo muhimu kwa mhakiki haiko katika uhalisi, maana hilo halihitaji kujadiliwa. Iko katika nafsi. Maandishi ya kuchongwa yaliyopatikana Husuni Kubwa yanamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na hivyo anayeingia humo leo ni mgeni wa mtu fulani. Lost City, kinyume chake, ina mnara wa mfalme usio na mfalme wa kutajwa. Kimya hicho kimepangwa: nafasi ya mwenye nyumba imeachwa wazi ili mlipaji wa chumba aikalie bila kuona haya. Kiumbe mwenye jina na wasifu wa kuaminika humo ndani ni Shawu, tembo wa Kruger aliyekufa mwaka 1982, ambaye sanamu yake yenye pembe ndefu imesimamishwa uani.

Muktadha nao umeingia katika fani. Sun City ilifunguliwa na Sol Kerzner mwaka 1979 ndani ya Bophuthatswana, eneo ambalo utawala wa ubaguzi ulilitangaza kuwa nchi huru mwaka 1977 na ambalo jumuiya ya kimataifa ilikataa kulitambua. Huko kamari iliruhusiwa ilhali Afrika Kusini yenyewe ikiipiga marufuku. Kwa hiyo magofu ya dola ya kubuni yalijengwa ndani ya dola nyingine ya kubuni, nayo ilikuwa imebakiza chini ya miaka miwili kabla ya kufutwa mwaka 1994. Sidhani kama wabunifu waliikusudia sitiari hii. Imo hata hivyo, na inalipa tetemeko la darajani uzito ambao mitambo peke yake isingeweza kulipa.

Baadaye Kerzner aliirudia dhana ya mji uliopotea katika hoteli za Atlantis, Bahamas na kisha Dubai, mwaka 2008. Huko alikopa kisa ambacho dunia ilikijua tangu Plato, na mgeni huwasili akiwa na picha yake tayari kichwani. Ndiyo sababu nauona mji wa Pilanesberg kuwa kazi iliyo bora zaidi: kila kinachosadikiwa humo kililazimika kujengwa na usanifu wenyewe, jiwe kwa jiwe la zege.