Parkingi kwenye bustani ya wanyama: tunalipa nini?

Wandugu, na ninyi wadogo zetu ambao mngali ku iniversite, leo ninataka tuzungumze juu ya kitu kidogo. Ni kidogo mpaka watu wanaona haya kukiandikia: feza ya parkingi pale tunapopeleka watoto kutazama wanyama. Mtu akilalamika, wanamwambia: "Franka elfu kumi njo inakuumiza?" Hapo mazungumzo yanakufa.

Mimi ninaona yasife. Ila tuyaongoze vizuri, sababu makelele yetu mengi yanapigwa pembeni. Tunabishana juu ya kiasi: huyu anasema ni mingi, yule anasema si kitu. Kwangu, kiasi ni neno la pili. Neno la kwanza ni kwamba ile feza haina jina. Tunalipa, lakini hatujui tunalipa nini, tunamlipa nani, na yeye anatudai kwa haki gani.

Nitoe mfano mmoja. Jina la mahali siliandiki, juu tabia hii si ya mlango mmoja. Mwisho wa mwaka wa masomo, masomo madogo ya huku kwetu Kinsevere yalipeleka watoto kuona wanyama. Nilikuwa kati ya wakubwa walioombwa kuwasindikiza. Toka Kinsevere mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 30. Mwalimu alikodi Hiace, akahesabu franka kwa franka zile wazazi walizochanga: usafiri, kiingilio cha kila mtoto, mkate na sikre ya kurudia. Hakukubakia kitu.

Pa mlango tulilipa kiingilio, tukaingia, watoto wakafurahi. Wakati wa kutoka, kijana wa jile ya rangi ya machungwa akasimama mbele ya Hiace.

"Papa, parkingi bado."

"Parkingi ya namna gani tena, mwanangu? Tulishalipa pa mulango."

"Pa mulango mulilipa batu. Huku ni motokari."

Shofere akasema yeye alikodiwa, parkingi si neno lake, na tulipopatana beyi hakuna aliyeitaja. Motokari zingine nyuma zikaanza kupiga honi. Mwalimu akatoa franka 10 000. Ilikuwa feza ya sikre. Watoto walikula mkate mkavu njia yote ya kurudia, na hakuna mkubwa aliyejua namna ya kuwaelezea.

Tulipewa kipande cha karatasi. Nilikisoma kama vile tulivyofundishwa kusoma etiketi ya mbegu kabla ya kupanda. Etiketi nzuri inakuambia ni mbegu gani, nani aliitoa, mwaka gani, na inaota kwa kiasi gani. Karatasi yetu haikuwa na jina la biro, haikuwa na namba, haikuwa na tarehe. Ukutani kulikuwa kibao cha Kifaransa chenye misitari miwili. Wa kwanza ulisema parkingi ni ya kulipa. Wa pili ulisema kila mwenye motokari abebe hatari yake mwenyewe. Beyi haikuandikwa popote.

Tuchukue ile misitari miwili kama maandishi ya kweli, tuyachambue. Feza mtu anayotoa pale inaweza kuwa na moja ya majina matatu.

Jina la kwanza ni kodi. Kama parkingi ni kodi ya jimbo ao ya muji, basi haizaliwi na jile ya machungwa. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 174, inasema hakuna kodi inayoweza kuwekwa bila sheria. Na kuna ordonansi-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018, yenye orodha ya kodi na malipo ambayo majimbo na serikali za chini zina haki ya kudai. Kwa hiyo anayenidai kwa jina la kodi anionyeshe karatasi, kisha anipe kitansi yenye namba, ili feza ifike kwenye kasha la watu wote. Bila kitansi, hata yule anayekusanya kwa roho safi hawezi kuonyesha kwamba hakula.

Jina la pili ni beyi ya kazi. Mtu ananipatia nafasi, ananichungia motokari, ninamlipa. Hakuna ubaya, zamu anastahili mshahara wake. Lakini hapo msitari wa pili wa kibao unaua msitari wa kwanza. Namna gani unipokee feza ya kuchunga, papo hapo uniambie hauchungi? Sheria yetu ya mikataba, ile ya tangu tarehe 30 Julai 1888, inajua vizuri mambo ya kuwekeana vitu: aliyepokea kitu cha mwenzake akichunge kama chake. Wanasheria wa shirika letu watabishana kama parkingi ni kuchungia ao ni kukodisha nafasi tu. Wabishane. Hata kukodisha nafasi kunadai beyi iandikwe kabla motokari haijaingia. Mkulima hakodishi shamba kisha akataje beyi siku ya kuvuna.

Jina la tatu ni msaada kwa wanyama. Hili njo linanigusa zaidi, sababu wengi wetu tungelitoa bila kunung'unika. Simba mkubwa anakula kilo kadhaa za nyama kila siku, na hana kongé. Tumbili na shimpanze wanataka matunda hata wakati wa kiangazi, wakati beyi inapanda pa soko. Kunahitajika veterineri, dawa, maji, nyavu, na zamu wa usiku. Tena kwa usalama hatuzungumzi hadisi. Septemba 2022, watu waliiba shimpanze watatu wadogo kwenye kituo cha J.A.C.K. hapa Lubumbashi, kituo kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa kuokoa shimpanze waliokamatwa kwa wawindaji na wauzaji. Wakaomba feza ili wawarudishe. Kuchunga mnyama katika muji wetu kunakula feza, na mgeni anaweza kuelewa hilo kama anaelezewa. Lakini msaada haudaiwi kwa kusimama mbele ya motokari, na unayeutoa una haki ya kujua ulimfikia nani.

Ubaya wa ile feza ni kwamba inakopa nguvu kwa majina yote matatu. Inalazimisha kama kodi, inaitwa beyi kama kazi, inajitetea kwa njaa ya simba kama msaada. Lakini hairudishi kitu: kitansi ya kodi hakuna, kuchunga hakuna, wala hesabu ya msaada.

Pa soko ya mahindi tunajua adabu nyingine. Mama akikuuzia, anajaza meka, mnapatana beyi, unalipa, kisha yeye mwenyewe anakuongezea kiganja juu: matabishi. Aliyepokea feza njo anaongeza. Pa parkingi matabishi imegeuka kichwa chini. Ulishalipa, na wewe tena njo uongeze.

Sasa nisikilize wale ambao hawakubaliani nami. Wa kwanza wanasema: mwenye motokari ni tajiri, alipe. Ninaelewa roho ya neno hilo, lakini haliendi sawa na maisha yetu. Tajiri anakuja peke yake na bibi yake katika jipu mpya. Masikini wanakuja ishirini katika Hiace moja ya kukodi. Kwa mtu wa Kamalondo ao wa Kenya, kuna taksi-bisi, kuna miguu. Kwa mtoto wa Kinsevere hakuna njia ingine: motokari kwake si raha, ni daraja. Ukitoza motokari bila kutazama nani yuko ndani, mara nyingi unatoza umbali. Wanaotoka mbali njo wanaoumia, na wanaotoka mbali si matajiri.

Wa pili wanasema: Marekani na Ulaya nako wanalipa parkingi. Ni kweli. Tutazame vizuri basi. Ku Saint Louis, Marekani, wenyeji walipiga kura mwaka 1916 wakakubali kodi kwa ajili ya bustani yao ya wanyama. Mpaka leo kuingia ni bure kwa kila mtu, na parkingi ya bustani njo ya kulipa. Asiyetaka kulipa anatafuta nafasi kwenye barabara za Forest Park, anatembea kwa miguu. Ku Washington vilevile: mlango bure, parkingi ya kulipa. Ku Chester, Uingereza, wamegeuza: mlango unalipiwa, parkingi bure. Hata kule watu wanalalamika, usifikiri wazungu wanapenda kulipa. Lakini wanalalamikia beyi waliyoisoma wakingali nyumbani. Na mahali pengi unalipa upande mmoja, upande wa pili unapumua. Siye tunachukua feza pa mlango, tunaichukua tena pa parkingi, kisha tunasema tunafanya kama wazungu.

Hata hatuna lazima ya kwenda mbali hivyo. Majirani zetu wanatoza motokari kwenye parc zao. Kenya inahesabu kwa idadi ya viti, Tanzania kwa uzito wa motokari na kwa nchi ilikoandikishwa. Unaweza kusema ni mingi. Lakini beyi ya motokari iko kwenye karatasi moja na beyi ya mtu, na shofere hawezi kushangaa. Ku Kenya malipo yanapitia kwa simu, kwenye eCitizen. Na siye, kila mama anayeuza makala iko na M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Feza inayokataa kupita kwa simu, inayotaka noti tu, mkononi, karibu na dirisha, tayari imetuambia kitu juu yake.

Mtu atauliza: agronome anatafuta nini katika mambo ya parkingi? Ninatafuta wale watoto wa Hiace. Huku wanakulia karibu na mgodi wa shaba. Wanajua makamio, wanajua vumbi, wanajua mlio wa mashini. Pori la miombo linalowazunguka linaishia kwenye mifuko ya makala, na mnyama mkubwa waliyemuona wengi wao ni mbuzi ao ng'ombe. Lakini jimbo letu liko na parc ya Kundelungu toka 1970, yenye maporomoko ya Lofoi ya zaidi ya metre 300. Katanga yetu ya zamani iko na Upemba toka 1939, na pale njo wamebakia punda milia wa mwisho wa Kongo nzima. Mtoto wa Kinsevere hatafika kule leo ao kesho. Bustani ya wanyama ya muji njo darasa lake la kwanza juu ya hiyo inchi yake. Kesho tutamuomba asikate miti, asiwinde kwa mitego, achunge pori. Tutakuwa tunazungumza na mtu ambaye alionyeshwa simba kwa dakika tano, kisha akaonyeshwa wakubwa wakigombana juu ya noti.

Na mwalimu naye anahesabu. Mwaka ujao, akikumbuka ile siku, njia nyepesi ni kubakia nyumbani. Hakuna atakayeandika kwamba parkingi ilifunga mlango. Watoto hawatakuja tu, na bustani itapoteza viingilio vyao vyote kwa ajili ya noti moja.

Ninayoomba si makubwa. Kwanza, beyi moja, iandikwe nje, mbele ya mlango, kwa Kiswahili na Kifaransa, motokari ikiwa ndani ya hesabu. Kama bustani inahitaji zaidi, ipandishe kiingilio kidogo na iseme ni kwa chakula cha nani. Pili, kitansi yenye namba na jina, ama ujumbe wa simu. Tatu, motokari ya masomo isilipe parkingi, sababu kila mtoto ndani yake ameshalipa. Nne, kama kweli kuna kodi ya muji inayokatwa pale, iandikwe kodi, na anayeikusanya avae jina lake kifuani. Wale vijana wa jile nao watapata faida: leo wanatukanwa kutwa nzima kwa sheria ambayo hawakuiandika, na jioni hakuna anayejua kama walilipwa.

Na siye wa shirika tuko na kazi. Kuna kati yetu wanaofanya kazi kwenye biro za muji, za jimbo, na za mazingira. Mara nyingi tunapita pale kwa parkingi, tunatoa noti bila kuuliza, sababu tuna haraka na tunaona haya kuhesabu mbele ya watu. Anayeacha kuuliza kitansi kwa sababu yeye anaweza kulipa, anamuacha peke yake yule mwalimu asiyeweza.

Shirika linapanga matembezi na wanafunzi wapya kiangazi hiki. Ninapendekeza komite iandikie bustani barua kabla, iulize beyi yote, ya watu na ya motokari, na iombe jibu la maandishi. Jibu likija, nakala yake tuwapelekee walimu wa Kinsevere. Lisipokuja, tujue vilevile, na tuulize tena kwa barua ya pili.