Jiwe la Ngorongoro na Ushairi wa Kuachwa

Ushairi wetu wa mwambao unajua mno kulia. Aliyeachwa katika tungo zetu hufanya mojawapo ya mawili: humbembeleza aliyekwenda zake, au humpiga vijembe mpaka mtaa mzima usikie. Namna ya tatu, ya kukubali kwamba aliyeondoka ameondoka, ni adimu. Hata Shaaban Robert, alipomwomboleza mkewe Amina, alitungia mauti; na mauti, nathubutu kusema, ni mepesi kuliko talaka, kwani marehemu hapiti mlangoni pako kesho yake na mwenziwe mpya.

Anayepanda kutoka Karatu, akishapita lango la Lodoare, hukuta ukingoni mwa kreta jiwe la kaburi la Michael Grzimek, aliyefariki Januari 1959 akiwa na miaka 24, ndege yake yenye milia ya pundamilia ilipogongana na tumbusi. Baba yake, Bernhard, aliikamilisha kazi yao: kitabu Serengeti darf nicht sterben, na filamu ya jina hilo iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Naye alipofariki mwaka 1987, akazikwa hapo hapo kando ya mwanawe.

Kama kazi ya mfiwa, kitabu hiki kinanigusa: baba hakulia tu, alimaliza alichokianza mwana. Lakini mapenzi yake hayataki mshirika. Serengeti iwe ya wanyama, mfugaji na ng'ombe wake wakae nje. (Hoja hiyo haikuzaliwa na msiba, ilikuwapo kabla yake.) Hapo ndipo tunapoachana njia, kitabu na mimi. Wamaasai ambao wazee wao 12 walitia sahihi mwaka 1958 kuiacha Serengeti na kubaki upande wa Ngorongoro hawakufiwa, walitenganishwa. Mpenzi wao yu hai, tena huonekana kule ng'ambo ya mpaka, yu mikononi mwa mwingine. Tangu 2022 kaya nyingine zimehama tena, safari hii kutoka Ngorongoro hadi Msomera, Handeni; serikali husema ni kwa hiari, na wapo wenyeji wanaokana.

Mtunzi wa kuachwa angeanzia hapo: mtu humsahauje yule ambaye macho bado yanamfikia? Kitabu hakiulizi, na jiwe halina nafasi ya kuuliza. Mimi mfasiri ningependa kulisikia shairi hilo kwa Kimaasai kwanza, kabla hatujalivika vina vyetu.