Haipothalamasi: Kutawala au Kurekebisha?

Miongoni mwa miswada ya vitabu vya afya iliyotufikia ili tukague istilahi zake, umo mmoja wa huduma ya kwanza uliotushughulisha kuliko mingine. Kwa jumla Kiswahili chake ni safi, na mfasiri astahili pongezi. Lakini katika sura ihusuyo joto la mwili tumekuta imeandikwa kwamba "tezi ya chini ya ubongo huutawala mwili na kuuamuru upate joto". Maneno hayo machache yana makosa matatu, na la mwisho laweza kumdhuru mgonjwa.

La kwanza ni mahali. Jina la Kigiriki, alilolipendekeza Wilhelm His mwaka 1893, lina maana ya kilicho chini ya thalamasi, si chini ya ubongo. Kiungo chenyewe ni sehemu ya ubongo, na uzito wake ni kama gramu 4 tu. Twaonelea neno litoholewe, haipothalamasi, kwa njia ile ile iliyotupa haidrojeni. Wapo watakaopenda hipothalamasi. Hatuna ugomvi nao, mradi kitabu kimoja kisiwe na yote mawili.

La pili ni hilo neno tezi. Ni kweli kwamba haipothalamasi hutengeneza homoni, lakini ni tishu ya neva. Tezi ni pituitari, ining'iniayo chini yake kwa kikonyo. Zote mbili zikiitwa tezi, mwalimu atafundishaje habari za kiu? Chumvi ikizidi katika damu, haipothalamasi huhisi, mtu hushikwa na kiu, na homoni iliyotengenezwa humo hushuka hadi pituitari, ambako hutolewa kuingia katika damu ili figo zisipoteze maji. Katika mswada habari hii imekuwa "tezi hutengeneza na tezi hutoa". Tuliisoma mara tatu.

La tatu ni kutawala na kuamuru. Haipothalamasi hupima joto la damu ipitayo, ikalilinganisha na kiwango ambacho kwa kawaida ni karibu nyuzi 37 za Selsiasi, kisha hurekebisha. Joto likizidi, jasho hutoka na mishipa ya damu ya ngozini hupanuka. Likipungua, mishipa hiyo hujibana na misuli hutetemeka. Mshika shikio wa jahazi hafanyi upepo.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuielewa homa. Viini vya maradhi viingiapo, mwili hutengeneza prostaglandini, nayo hupandisha kiwango chenyewe. Kikifika nyuzi 39, mtu mwenye joto la 38 huona baridi akaomba blanketi. Kwa hiyo wanenao kwamba fulani ana homa ya baridi, hali mwili wake ni wa moto, hawakukosea. Aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kama John Vane alivyoonyesha mwaka 1971; kiwango hushuka, na jasho hutoka.

Sasa tumtazame mkulima aliyeanguka shambani kwa jua la mchana. Kwake kiwango hakikupanda, bali joto limeishinda haipothalamasi. Aspirini na parasetamoli hazimfai. Ahitaji kivuli, maji mwilini na kupepewa, tena upesi. Mfasiri ameiita hali hii "homa kali ya jua", na ukurasa ufuatao wasema homa hutulizwa kwa vidonge. Msaidizi wa afya wa kijijini atatii kitabu, wala hatutamlaumu.

Tumependekeza basi kuzidiwa na joto. Kiharusi cha joto tumekikataa, ingawa chatumika, kwa kuwa wengi wakisikia kiharusi hufikiria kupooza. Kwa kitenzi twapendekeza kurekebisha, na kwa kile kipimo kinachoshikiliwa, kiwango lengwa. Baadhi ya wenzetu walitaka kudhibiti. Neno hilo ni zuri, lakini katika maandishi ya afya limekwisha kuzoeleka kwa maradhi yazuiwayo yasienee, na homa ya mgonjwa ni jambo ambalo haipothalamasi yenyewe hulishikilia.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri, tukimwomba aandike upya sura ya joto kabla ya kugusa nyingine yoyote.