Ulimi wa Lui: alama isiyo na msomaji

Wasomi wenzangu, leo nawaletea kitabu kidogo. Unaweza kukimaliza kwa mangaribi moja, lakini kitakukaa kichwani wiki nzima. Kwa Kijapani kinaitwa Hebi ni piasu. Wenye kusoma Kifaransa watakipata kwa jina la Serpents et piercings, kutoka Grasset. Mwandishi wake ni Kanehara Hitomi. Kilitoka 2003, na Januari 2004 kikapata tuzo ya Akutagawa, moja ya tuzo kubwa za fasihi kule Japani. Kanehara alikuwa na miaka 20 tu. Baba yake ni mtafsiri, na wakati huo alikuwa profesa wa chuo kikuu, lakini yeye mwenyewe aliacha shule mapema sana. Nasema hili juu kati yetu kuko wale wanaoamini kwamba mtu bila diploma hana cha kuandika.

Hadithi ni hii. Lui ana miaka 19. Wakati ule, sheria ya Japani ilihesabu mtu kuwa mzima akifika miaka 20 (waliteremsha mpaka 18 mwaka 2022), kwa hiyo Lui bado ni mtoto mbele ya sheria. Anakutana na kijana mmoja, Ama, mwenye ulimi uliopasuliwa katikati kama wa nyoka. Kitu cha kwanza Lui anachotamani si Ama, ni ule ulimi. Ama anampeleka kwa Shiba, fundi wa kuchora ngozi na kutoboa miili, na Shiba anamtoboa.

Ulimi wa nyoka haupatikani siku moja. Unaanza na tundu dogo, unaweka kipini chembamba, na kila baada ya muda unabadilisha kwa kinene zaidi, mpaka nyama inayobaki mbele iwe ndogo ya kukatwa. Vipini vinapimwa kwa geji. Namba 14 ni karibu milimita 1.6. Mwisho wa safari ni 00, karibu sentimita moja. Namba inashuka, tundu linapanuka. Hesabu hiyo ndiyo saa ya kitabu. Hatuambiwi sana ni siku gani au mwezi gani, tunaambiwa tu kipini kimefikia namba gani. Msichana huyu hana mtihani anaongojea, hana ndoa anayopanga, hana kazi anayoota. Kitu pekee kinachosonga mbele katika maisha yake ni tundu.

Filamu yake iko pia, Ninagawa Yukio aliitengeneza 2008. Lakini filamu inalazimika kutuonyesha sindano, na macho yetu yanabaki kwenye sindano. Kitabu kinahesabu tu, na kuhesabu njo kunaogopesha zaidi.

Watu wengi wanasema ni kitabu cha uchafu. Sikubali. Kuna kurasa ngumu, nyingine sikuzipenda, nitazifikia. Ila wanaotafuta uchafu wanapita bila kuona jambo kubwa: katika kitabu chote, hakuna mtu anayemuuliza Lui "kwa nini?" akangoja jibu. Wazazi hawaonekani. Ama anafurahi kwamba watafanana. Shiba anaona ngozi ya kufanyia kazi. Na Lui mwenyewe hajui watu alio nao. Siku Ama anapopotea, Lui anataka kwenda polisi, na hapo anagundua kwamba hata jina kamili la yule aliyekuwa akilala naye nyumba moja halijui. Alidhani Ama ni kifupi cha Amadeus. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu inayouma kuliko zote, na haina hata tone la damu.

Mdogo wangu alitobolewa ulimi akiwa na miaka 17. Rafiki yake alimtoboa chumbani. Ulimi ukavimba, siku tatu akawa anakunywa uji tu. Mama alipogundua, swali lake la kwanza lilikuwa: "Nani ameisha kukuona na ile kintu?" Halikuwa "Unaumia?" wala "Ile sindano ilitoka wapi?" Na maswali hayo yalikuwa na maana: sindano iliyotumiwa na mwingine inaweza kuleta homa ya ini, na kipini kinagonga meno mpaka yapasuke, kinasukuma ufizi nyuma. Miezi mingi baadaye mdogo wangu aliniambia: "Yaya, bote banaangaliaka ulimi. Hakuna mwenye aliniuliza." Nilipofika katikati ya kitabu cha Kanehara, hayo maneno yalinirudia.

Tukisema "hizi ni mambo ya Wazungu, mambo ya nje," tunasahau haraka. Watabwa, upande wa Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, walikuwa na chale zilizofanya mwili kuwa kama ukurasa. Kuandika huko kwenye ngozi wanakuita kulemba. Kulikuwa na mchoro wa pembetatu, balamwezi, wa kuandama kwa mwezi mpya, na huo huo uliwekwa pia kwenye sanamu na vitu vya mbao. Maana yake ni kwamba ukipita na alama yako, kulikuwa watu wa kuisoma. Walijua umetoka wapi, umefikia wapi.

Sitaki kupamba zamani. Mabinti wengi hawakuulizwa kama wanataka wembe. Walikuwa na wasomaji, hawakuwa na uchaguzi. Lui ana uchaguzi wote, hana msomaji hata mmoja. Nadhani Kanehara ameona hilo vizuri kuliko walimu wengi wa maadili. Uhuru wa kuandika juu ya mwili wako, bila mtu wa kukusoma, unageuka kuwa upweke wenye chuma katikati.

Sasa kasoro. Kubwa ni Shiba. Ni mkali kwa Lui, na anamwambia wazi kwamba anatamani kumuua. Ama anapokutwa ameuawa, Lui anapata sababu nzito za kumshuku Shiba, lakini anachagua kubaki naye na kuficha alichokiona. (Mnisamehe kwa kueleza mwisho, bila hiyo siwezi kutoa hukumu.) Najua riwaya si mahakama. Lakini mpaka hapo mwandishi alikuwa ametuonyesha upweke wa Lui kwa uangalifu mkubwa, na sasa anatufungia mlango. Ukimya ambao mwanzoni ulikuwa ukweli wa msichana aliyechoka, mwishoni unaanza kufanana na urembo. Ukatili wa mwanaume unapewa mwanga mzuri, kama vile ni hatima. Sisi tunaoishi mashariki ya Congo tunajua ukatili juu ya miili ya wanawake si hatima. Una watu wanaoufanya, na watu wanaonyamaza. Hapo nilitaka kitabu kiwe na ujasiri kuliko heroine wake.

Hata hivyo nakishauri, kwa wenye miaka 18 kwenda juu. Kanehara hatoi somo na hamcheki Lui. Mwisho hautupi ule ulimi wa nyoka tuliokuwa tunaungojea kama ushindi. Tunabaki na tundu, na msichana anayejiuliza alikuwa analitafutia nini.

Kama umesoma mpaka hapa na nyumbani kwenu kuko kijana mwenye kipini mudomoni, kitu cha kufanya ni kidogo. Kabla ya kumuuliza nani amemuona, muulize kama kinamuuma. Halafu muulize kwa nini, na ukae kimya mpaka amalize. Mdogo wangu alikitoa chake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Nilipomuuliza sababu, alizungumza karibu saa nzima, na habari ya ulimi ilichukua dakika mbili tu.